Tupeane uzoefu: kitabu kilichokuvusha kutoka fani uliyoizoea

Mzee wa Chumbageni (Tanga)

Salaam, ndugu wasomaji. Kila mtu anapoomba apendekezewe kitabu hujibiwa kwa mlolongo wa majina: riwaya tano, diwani mbili, tamthilia moja, basi. Majina hayo mara nyingi ni mazuri, lakini aliyeomba hubaki pale pale, kwa sababu hajaambiwa ni kipi kinachomfaa mtu wa hali yake, wala ashike kipi baada ya kile anachokipenda sasa. Ninaamini kwamba msomaji hahami fani kwa kuhimizwa. Huhama pale kitabu anachokipenda kinapokuwa na undugu na kingine kilicho upande wa pili. Undugu huo ndio ninaouomba hapa. Tueleze ulikuwa msomaji wa vitabu vya aina gani, ni kitabu kipi kilichokuvusha, na ungempa nani akisome.

Mimi nilikuwa mtu wa riwaya za upelelezi na sikutaka kingine. Nilimsoma Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla kuanzia *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichotoka mwaka 1960, nikaendelea na *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu* na *Siri ya Sifuri*. Nilichokipenda zaidi ya mauaji yenyewe ni ile Unguja anayoichunguza mpelelezi yule pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum: wenye mashamba na watumishi wao, nasaba zilizofichwa, maneno yanayosemwa barazani na yale yanayonong'onwa uani. Nilipovimaliza nilikosa pa kwenda, mpaka rafiki yangu mmoja akaniwekea mkononi *Wasifu wa Siti Binti Saad* wa Shaaban Robert. Wasifu kwangu ulikuwa kitu cha kusomwa shuleni. Nilianza kwa heshima ya aliyenipa, nikaendelea kwa hamu yangu mwenyewe, kwa sababu nilijikuta katika Unguja ile ile, safari hii watu wake wakiwa wa kweli: binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaja kuwa mwimbaji ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri.

Kilichonifunga kabisa ni kuzifuatilia nyimbo zake baada ya kukifunga kitabu. Umo wimbo wa Kijiti, unaosimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka, na wanawake waliokuja kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Kwa mtu aliyezoea kumwona Bwana Msa akimfikia mhalifu katika kurasa za mwisho, kesi hiyo ilikuwa funzo kubwa. Kwa hiyo yeyote anayependa riwaya za upelelezi na kudhani kwamba maisha ya watu halisi hayana msisimko, nampendekezea wasifu huo.

Mwanakitale (Trans Nzoia)

Shikamoo, Mzee wangu, na ahsante kwa mada. Mimi ni wa kizazi kilichosoma fasihi kwa ajili ya mtihani. Tulifundishwa kukigawa kitabu katika dhamira, wahusika na mbinu za lugha kabla hata hatujajua hadithi inaishaje, na baada ya kidato cha nne wengi wetu hatukugusa tena riwaya ya Kiswahili. Mimi nilirudi kwa sababu ya *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Nilikichukua kwa sababu ndogo tu: nilisikia kwamba Msanifu Kombo, kijana wa Tanga aliyefiwa na mama yake, anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Sikuwahi kuiona Kitale katika kitabu chochote. Kuusoma mji wako ukiandikwa kwa Kiswahili safi, mtu wa kutoka mbali akiufikia kwa shida na matumaini, ni jambo ambalo maswali ya mtihani hayakuwa yamenipa nafasi ya kulihisi.

Riwaya hiyo imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na wasomaji wengi waliamini kwamba ni maisha ya mwandishi mwenyewe. Ndiyo maana tawasifu yake, *Nasikia Sauti ya Mama*, ilipotoka mwaka 2014, niliisoma nikitafuta mpaka kati ya Walibora na Msanifu Kombo. Niliupata mpaka huo, na nikapata pia fani ambayo sikuijua. Tangu hapo nimesoma *Maisha Yangu* ya Shaaban Robert na *Mbali na Nyumbani* ya Adam Shafi, kitabu ambacho ningempa kijana yeyote anayewaza kuondoka kwao kwenda kutafuta masomo bila nauli wala pasipoti. Walibora alifariki mwaka 2020. Anayetaka kumfahamu aanze na hivyo viwili, kwa mpangilio huo: riwaya kwanza, tawasifu baadaye.

Mama Nuru (Dodoma)

Naomba kuuliza kabla hamjaendelea mbali. Nina mtoto wa miaka kumi na mmoja anayependa katuni na hadithi za majini tu, na kila kitabu cha mafunzo ninachomletea anakirudisha kabatini. Je, kipo kitabu cha kumvusha yeye?

Mzee wa Chumbageni

Mama Nuru, mpe *Adili na Nduguze*, naye Shaaban Robert huyo huyo. Usimwambie kwamba kina mafunzo. Mwambie tu kwamba katika nchi ya Ughaibu, mfalme Rai aligundua kwamba liwali wake, mtu mpole anayesifiwa na kila mtu, ana manyani wawili ambao huwachapa kila usiku, kisha huwalisha chakula kizuri na kuwaomba radhi. Kwa nini? Mtoto anayependa majini hatakubali kulala bila kulijua jibu, na majini wenyewe wamo. Lugha yake ina maneno ya zamani, kwa hiyo sura za mwanzo msomee wewe kwa sauti, umwachie pale manyani wanapotokea.

Tarishi wa Kurasini (Dar es Salaam)

Mimi ni mtu wa Willy Gamba, yule jasusi wa riwayani, na ninalisema bila kificho. *Kufa na Kupona*, *Kikosi cha Kisasi*, *Njama*: vitabu vya Elvis Musiba nilivisoma nikiwa kijana, kimoja baada ya kingine, vikipita mikononi mwa watu wengi hadi majalada yanaanguka. Nilivyompenda Gamba ndivyo nilivyompenda mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wapo wanaoviita vitabu hivyo vya starehe tu. Siafiki hata kidogo, kwa sababu ndivyo vilivyowafanya vijana wengi wa miaka ya sabini na themanini wazoee kusoma kurasa mia mbili za Kiswahili bila kulazimishwa, na *Njama* na wenzake waliufanya ukombozi wa Kusini mwa Afrika kuwa jambo la kila kijiwe.

Kilichonivusha ni *Kuli* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979. Ninafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, na mwenzangu mmoja wa kazini alinipa akisema kwamba hicho ndicho kitabu chetu sisi. Nilitarajia mapambano na nikayapata, lakini ya aina nyingine: watu wanaobeba magunia tangu alfajiri, serahangi anayeamua nani apate kibarua leo na nani arudi nyumbani mikono mitupu, kijana Rashidi anayeurithi ukuli kutoka kwa baba yake, kisha mgomo. Mgomo wa makuli wa Unguja ulitokea kweli mwaka 1948, na mwaka mmoja kabla yake mgomo wa Dar es Salaam nao ulikuwa umeanzia bandarini hapa hapa. Nilikuwa nikipita kwenye magati hayo kila siku bila kulifahamu hilo. Baada ya *Kuli* nilitafuta vitabu vya historia ya vyama vya wafanyakazi, mimi ambaye historia niliiacha darasani, na nikarudi kwa mwandishi huyo huyo kusoma *Vuta N'kuvute* na *Haini*.

Ushauri wangu kwa wapenzi wa riwaya za kijasusi ni kwamba waende moja kwa moja kwenye *Haini*. Inahusu kukamatwa kwa watu baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, na hofu iliyomo ndani ya seli zile inazidi ya riwaya yoyote ya kijasusi niliyowahi kusoma, kwa sababu hakuna Willy Gamba anayekuja kuvunja mlango.

Mja wa Kibokoni (Mombasa, kwa sasa Muscat)

Ndugu Tarishi, umesema kweli kuhusu *Haini*, na maneno yako kuhusu seli yananipa pa kuanzia, kwa kuwa mimi nilivushwa na kitabu kilichoandikwa ndani ya seli.

Nimezaliwa katika nyumba ya mashairi, lakini mashairi yalikuwa ya wazee. Bibi yangu alikuwa na beti za kila tukio, za arusi na za msiba, na sisi vijana tuliyaona hayo kuwa mambo ya wakati wake. Niliposoma mashairi shuleni, nilihesabu mizani na kutaja vina, nikapata alama zangu, yakaisha. Nilipenda makala za siasa. Nilisoma magazeti, hotuba, kumbukumbu za wanasiasa, na niliamini kwamba anayetaka kusema jambo zito kuhusu nchi yake ataliandika kwa nathari.

Kisha nikakutana na *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 kijana huyo wa Mombasa aliandika waraka ulioitwa *Kenya: Twendapi?*, akiuliza nchi iliyopata uhuru juzi inaelekea wapi, na kwa waraka huo akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Gerezani hakuruhusiwa karatasi, kwa hiyo mashairi yake aliyaandika kwenye karatasi za msalani na kuyaficha. Alitoka mwaka 1972, diwani ikachapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Nilikuwa nikitafuta makala ya siasa, nikaikuta katika tarbia, beti za mistari minne, zilizotimia mizani na vina, bila ya neno moja lililolegea ili kuupisha ujumbe.

Someni shairi lake la mamba. Yumo mamba mtoni, anajigamba kwa nguvu zake na kudhani kwamba ataishi milele, na mshairi anamkumbusha kwamba hata yeye ana siku yake. Kila msomaji wa wakati ule alimjua mamba ni nani, na mshairi hakuhitaji kumtaja. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba fumbo la ushairi wetu wa kale, lile ambalo bibi yangu alilitumia kumsema jirani bila ya kumtaja, ndilo hilo hilo. Nilirudi kwa Muyaka bin Haji, ambaye alifanya hivyo hivyo katika Mombasa ya karne ya 19, wakati wa vita vya ukoo wa Mazrui na Sultani Sayyid Said, na baadaye nikafika kwa Mwana Kupona binti Msham.

Kuhusu Mwana Kupona naomba nikae kidogo. Utendi wake wa mwaka 1858 wengi huutaja kuwa ni mawaidha kuhusu wajibu wa mke kwa mume, na baadhi ya wasomaji wa leo, hasa akina dada, huuepuka kwa sababu hiyo. Nawaomba wausome wote kabla ya kuuhukumu. Ni mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, anayemwita bintiye akae karibu na wino na karatasi, akijua kwamba muda wake si mrefu. Anamwachia alichonacho. Yapo ndani yake mambo ambayo mtu anaweza kuyapinga leo, lakini upo pia woga wa mzazi kwa mtoto wa kike atakayebaki peke yake, na woga huo hauna karne. Utafuteni katika toleo lenye maelezo ya maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, na msome kwa sauti. Ukisomwa kimya kimya, nusu yake hupotea.

Kwa hiyo mtu wa siasa aanze na Abdilatif, arudi nyuma hadi kwa Muyaka, kisha aende Siyu. Akianza na Siyu atachoka njiani.

Mwanakitale

Kaka Mja wa Kibokoni, je, kwa sisi tunaoogopa hata hiyo mizani, ungependekeza mashairi huru? Na je, mtu anaweza kuanza na *Nagona* ya Kezilahabi, maana nimeambiwa ni kama shairi refu?

Mja wa Kibokoni

Dada, kwa mashairi huru chukua *Kichomi* ya Kezilahabi, ya mwaka 1974. Kitabu hicho kilizua malumbano makali kati ya washairi wa jadi na vijana wa wakati ule, na mimi wa nyumba ya wazee nilikuwa upande wa jadi. Hata hivyo, nakiri kwamba kinagusa. Ama *Nagona*, usianze nayo. Soma kwanza *Rosa Mistika*, kisha *Kichwamaji*, ndipo uiendee *Nagona* ukiwa umemzoea mwandishi na maswali yake. Anayeishika *Nagona* bila ya maandalizi huidhani kuwa ni fumbo lisilo na mlango, na huenda asimrudie tena mwandishi ambaye, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa wakubwa kabisa tuliowahi kuwa nao.

Mtu wa Nansio (Ukerewe)

Umemtaja Kezilahabi, nami kwa fahari ya kisiwa chetu namwongeza Aniceti Kitereza. Nilikuwa msomaji wa vitabu vya mila na desturi, vile vinavyoeleza posa ilikuwaje na maziko yalikuwaje, sura kwa sura. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* kina hayo yote, lakini kimeyaweka ndani ya ndoa ya watu wawili wanaopendana na ambao hawajajaliwa mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume analazimika kutengeneza pombe ya ndizi awapelekee wakwe ili arudishiwe mke wake. Shughuli hiyo imeelezwa kwa utulivu mkubwa, tangu kuivisha ndizi hadi kubebwa kwa mitungi njiani, kiasi kwamba msomaji anajifunza kazi yenyewe huku akimwombea mume afike salama. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Toleo la Kiswahili, alilolitafsiri mwenyewe, lilichapishwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Ni kirefu. Kinawafaa watu wasio na haraka.

Mwalimu wa Historia (Songea)

Nitakuwa mfupi. Vitabu vya historia nilivisoma vingi, tamthilia sikuzitaka, hadi nilipoamua kutumia *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein kufundishia Vita vya Maji Maji. Wanafunzi wangu walizijua tarehe, 1905 hadi 1907, lakini hawakulijua swali. Mwishoni mwa mchezo Kinjeketile amekamatwa na Wajerumani, naye anatakiwa akane hadharani kwamba maji yale, waliyopewa wapiganaji kuwa kinga ya risasi, hayana nguvu. Yeye mwenyewe alikwisha kuyatilia shaka maji hayo, na bado anakataa kukana, kwa sababu anajua kwamba watoto wataambiwa kuwa wazee wao walipigania uongo. Kijana aliyesoma nafasi ya Kinjeketile alisimama kwenye sentensi hiyo, akaomba airudie. Tangu siku hiyo nimesoma pia tamthilia za Penina Muhando, na ninapendekeza *Lina Ubani* kwa yeyote anayetaka kuielewa Tanzania ya baada ya vita vya Kagera. Tamthilia isomwe na watu kadhaa, kila mtu na nafasi yake.

Bint Makunduchi (Leicester, Uingereza)

Mimi nilivuka lugha. Vitabu vya Abdulrazak Gurnah nilivisoma kwa Kiingereza tangu kabla ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021, na mama yangu, asiyesoma Kiingereza, alikuwa akiniuliza kila mara huyo mtu wetu ameandika nini. Mwaka 2022 ilitoka *Peponi*, tafsiri ya riwaya yake *Paradise* iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Nimemsomea mama kwa simu, jioni kwa jioni. Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake, na mama aliniambia nisimame, akaanza kunisimulia habari za watoto waliowekwa rehani aliokuwa akiwasikia kwa bibi yake, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia nyumbani kwetu. Nilipokisoma kwa Kiingereza nilidhani nimekielewa. Kwa wenye wazazi wasiosoma lugha za kigeni, tafsiri ni za kuwatafutia: ipo *Shamba la Wanyama* ya Fortunatus Kawegere, na zipo *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi* za Mwalimu Nyerere.

Mama Nuru

Mzee wangu, *Adili na Nduguze* nimekiazima kwa jirani ambaye ni mwalimu. Tulifika kwa manyani siku ya kwanza, naye akakichukua akaenda nacho chumbani. Sasa ananiuliza kama kuna hadithi za kwenda angani kwa Kiswahili, na mimi sijui nimjibu nini.

Mzee wa Chumbageni

Zipo, Mama Nuru. Kwa umri wake mpe *Kusadikika* ya Shaaban Robert, nchi inayoelea angani, iliyotuma wajumbe sita, kila mmoja upande wake, hata mbinguni na ardhini. Asome safari za wajumbe, na kesi ya Karama, mshtakiwa anayezisimulia safari hizo barazani, ataielewa akikua. Wewe mwenyewe soma *Walenisi* ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995: Dzombo anatiwa ndani ya chombo cha angani ili akafie huko, anafika katika sayari ambayo watu wake wanaishi kwa haki, na anapokewa kama mgeni. Mfikishapo mwisho wa vyote viwili, mama na mwana, someni kurasa za mashtaka ya Karama na za mashtaka ya Dzombo kwa pamoja, kisha mrudi hapa mtueleze mmeona nini.